Ndege Iliyokalia Mkia

Jumatatu, 4 Machi

Dada wa mazoezi ameniletea daftari hili. Amesema kila siku niandike mkono wa kulia wa Baba umefanya nini, ili akija Jumatatu asome mwenyewe badala ya kunihoji mimi huku mtoto ananivuta sketi. Baba ninayemsema ni mkwe wangu, baba wa mume wangu. Kiharusi kilimpiga miezi minne iliyopita. Kilimwachia miguu na akili, kikaondoka na mkono wa kulia na nusu ya maneno.

Haya. Leo mkono umelala mapajani.

Jumanne, 5 Machi

Umelala.

Jumatano, 6 Machi

Umelala. Mvua zimeanza.

Jumamosi, 9 Machi

Nimechoka kuandika "umelala". Daftari lina kurasa mia na mimi shule sikwenda mbali, lakini kuandika napenda. Nitaandika na mengine. Dada wa mazoezi atasoma ya mkono, yaliyobaki aruke.

Leo wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, amepiga simu. Mvua zikiisha anakuja kumchukua Baba akaishi kwake. Sababu ni mimi. Kiwandani wamenishikia nafasi yangu ya kushona vifungo vya sare mpaka mwisho wa Mei. Kipusa wetu, ana miaka miwili sasa, atashinda kwa mama jirani anayelea watoto. Mzee je, abaki na nani? Hawezi kufunga mlango, hawezi kujimiminia chai. Wifi anakaa ghorofa ya nne, safari ya siku mbili kwa basi, na huko Baba hamjui hata mbwa.

Mume wangu alijibu, sawa dada, akaenda kusimama dirishani kama mtu anayengoja mgeni. Baba alikuwa palepale kwenye kiti chake. Alisikia yote. Alitazama mkono wake.

Mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Namvalisha, namkatia chakula, namfunga vifungo, na tangu niolewe maneno aliyowahi kuniambia ni mawili: asante, na chumvi imezidi.

Dada, hapa uruke.

Jumatatu, 11 Machi

Hakuruka. Alisoma, akanitazama, akafunika daftari taratibu kama mtu anayefunika mtoto shuka. Hakunisema.

Alisema tu kwamba mkono uliofanya kazi maisha yote haudanganyiki na kimpira cha kuminya. Unataka kazi. Akauliza Baba alikuwa nani. Nikamwambia fundi wa ndege, miaka thelathini na mmoja uwanjani. Akauliza hapa nyumbani kuna kazi gani ya fundi wa ndege. Nikamjibu, dada yangu, hapa tuna birika, pasi na stuli moja inayocheza. Ndege hatuna.

Baba akasema kutoka kitini, "Ipo."

Jumanne, 12 Machi

Ipo kweli. Ilikuwa juu ya kabati, nyuma ya masanduku, ndani ya mfuko uliofungwa kamba. Boksi la karatasi ngumu, kona zimeliwa, na juu yake picha ya ndege ya abiria yenye injini mbili za pangaboi, inapaa kwenye mawingu. Ndani hakuna ndege. Kuna vipande vya plastiki vya kijivu, vimeshikana kwenye fremu kama vifungo vipya kwenye kadi yake, kila kimoja na namba. Unakata, unalainisha, unagundisha, unapaka rangi, mwisho inakuwa ndege ya kuweka mezani.

Mume wangu alipoona boksi liko mezani alisimama mlangoni na viatu vya kazi. Anasema Baba alilinunua alipopelekwa mafunzo, kabla yeye hajazaliwa. Utoto wake wote aliitazama ile picha. Kila akiomba, jibu lilikuwa moja: nikipata nafasi. Nafasi yenyewe imepatikana na kiharusi.

Mkono wa kulia: uliwekwa juu ya karatasi ya maelekezo isikunjike. Ulikaa. Naandika ulifanya kazi ya jiwe, lakini ni kazi.

Jumamosi, 16 Machi

Nimejifunza sheria mbili za mafundi wa ndege. Baba alizitoa neno moja moja, kama anang'oa misumari.

Ya kwanza, aliyefanya kazi hajikagui. Akifanya yeye, natazama mimi kisha natia alama kwenye daftari. Nikifanya mimi, anatazama yeye.

Ya pili nilijifunza kwa kosa. Niliandika "bawa la kushoto" pahali pa kulia, nikalamba kidole nifute. Akagonga meza kwa mkono mzima. "Hatufuti. Mstari mmoja. Maneno yasomeke." Ukikosea unapiga mstari mmoja juu ya kosa, unaandika ukweli pembeni na tarehe, na yule mwingine anasaini. Nikamuuliza kwa nini kosa lisomeke. Akajibu, "Ili wajue ulikuwa wapi."

~~Bawa la kushoto limelainishwa.~~ Bawa la kulia. 16 Machi. Amesaini kwa mkono wa kushoto, imetoka kama mguu wa kuku.

Jumatano, 20 Machi

Tatizo la chapa. Chapa ni yale maandishi, namba na mistari ya rangi ya ubavuni. Zipo kwenye karatasi moja, unalowesha majini zinateleza unabandika. Karatasi imezeeka, nyeupe yote imekuwa njano kama meno. Nilidhani basi. Baba akasema ibandikwe dirishani kwa ndani, ielekee jua. Jua litakula njano.

Nimebandika. Nje hakuonekani hata ukuta wa jirani kwa mvua.

Jumapili, 24 Machi

Mvua. Chapa njano. Mkono: umeshikilia fremu nikikata.

Alhamisi, 28 Machi

Mvua. Chapa njano. Mkono umeminya kibanio cha nguo mara nne, cha tano kikamruka kikampiga mume wangu sikioni. Baba alitoa sauti. Tukageuka sote kwa hofu, kumbe anacheka. Upande mmoja wa mdomo unacheka, mwingine unatazama.

Jumatatu, 1 Aprili

Dada wa mazoezi amefurahi. Amesema vidole viwili vinaamka, kidole gumba na cha shahada.

Gundi ya ndani ya boksi ilikuwa imekauka kama mfupa, mume wangu ameleta nyingine. Yeye ni fundi wa lifti. Ameketi nasi saa nzima akitazama. Alisema baba yake alikuwa anapeleka watu mawinguni na kuwarudisha, yeye mwisho wake ghorofa ya tisa, na huko nako wakikwama wanamtukana. Baba akasema, "Lifti nayo inapaa." Mume wangu akainama kutafuta kitu chini ya meza. Hakuna kilichoanguka.

Jumamosi, 6 Aprili

Leo tumefunga kiwiliwili. Kina nusu mbili, kushoto na kulia, kama njugu. Gundi hii haibandiki tu, inayeyusha plastiki mbili zikawa moja, kwa hiyo ukishafunga umefunga.

Kabla ya kufunga kuna jambo moja. Ndege hii ina gurudumu la mbele, na mkia wake ni mzito. Isipowekewa uzito puani itakaa kitako. Mume wangu alitupa nati sita ndogo, nikaziweka kwenye kisahani. Mimi ndiye wa kuzigundisha puani maana vidole vya Baba havijafika huko.

Ndipo maziwa yakafurika jikoni. Nikakimbia, nikazima, nikafuta, Kipusa kalowa, nikambadilisha nguo. Kurudi, kisahani kitupu na Baba ameshazikutanisha zile nusu mbili, mkono wa kulia unatetemeka lakini umeshika. Nikasema moyoni, mzee ameziweka mwenyewe, hongera yake. Akaniuliza, "Nati?" Nikamwambia zimo. Tukafunga kwa mipira ya kubania.

Nati sita puani: ✓

Jumapili, 7 Aprili

Leo mkono wa kuchunguzwa ni wangu.

Asubuhi Kipusa alikataa kula. Alijikunyata, akawa anashika tumbo na kulia kwa kukwama kwama. Nikasema ni mafua ya mvua. Mume wangu aliitwa kazini, lifti imekwama na watu. Baada ya kuosha vyombo Baba akasema gundi imeshika, tuijaribu ndege kusimama kabla ya rangi. Tukaweka magurudumu matatu. Nikaitua mezani.

Ikainua pua, polepole, kwa adabu, ikakalia mkia.

Tulicheka. Kweli tulicheka, mimi mpaka machozi. Nikaisukuma pua chini, ikainuka tena kama mtu aliyeitwa jina. Kisha Baba akaacha kucheka.

"Nati," akasema.

Nikamwambia si uliziweka wewe, Baba, nilipokwenda jikoni?

"Mimi? Kwa mkono upi?"

Nilitazama kisahani. Nilimtazama Kipusa, ambaye jana alikuwa chini ya meza hii, ambaye kila kidogo hukitia mdomoni, ambaye tangu asubuhi anashika tumbo. Nilimbeba nikatoka bila mwavuli, nikasikia Baba ananiita nyuma, sikugeuka.

Kituo cha afya ni mwendo wa dakika ishirini kwa mtu mzima wa miguu. Sijui nilitumia ngapi. Nesi alimgusa tumbo, akaniuliza amemeza nini, nikasema nati, sita. Akauliza nina uhakika. Nikasema sina uhakika na chochote, niliandika zimo na hazimo. Nesi akanitazama kama mimi ndiye mgonjwa. Akasema lazima apigwe picha, lakini Jumapili mpiga picha ni mmoja na mbele yetu wapo watu saba.

Nilikaa kwenye benchi. Kipusa alilala kifuani, kila akipumua nahesabu. Sakafu ilikuwa na matope ya watu. Niliwaza ile alama ya tiki. Ni kitu kidogo sana. Mkono wangu haukuchukua hata nukta kuiandika. Ningesema tu, Baba, sikuziona ukiziweka. Maneno matatu, na tungechungulia puani pamoja, na kama hazimo tungezitafuta jana ileile.

Wamebaki watu watatu, mlango wa nje ukafunguka akaingia mzee, maji yanamtiririka kama bomba limepasuka. Mkono wa kushoto ameshika fimbo. Viatu vya kutokea havijafungwa kamba. Watu walimpisha. Sikumtambua mpaka alipofika mbele yangu, maana tangu augue hajawahi kuvuka geti letu.

Mkono wa kulia ulikuwa ngumi. Niseme vizuri kwa ajili ya dada wa mazoezi: ngumi, imefungwa, vidole vyote vitano. Aliuweka mapajani mwangu, akahangaika kuufungua, haukukubali. Umeshika mno. Nikamfungua mimi, kidole kimoja kimoja. Ndani zilikuwemo nati, zimemwachia alama kwenye nyama ya kiganja.

"Hesabu," akasema.

Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Nikarudia. Sita.

Zilikuwa ndani ya kiatu chake. Viatu vya kutokea hukaa mlangoni miezi yote hii, na Kipusa anapenda kutumbukiza vitu kwenye mashimo. Baba alipoamua kutufuata akavaa viatu, akasikia mawe kwenye vidole. Mkono wa kushoto ukawa na fimbo, kwa hiyo ilibidi mkono wa kulia ubebe. Haukuwa na mtu mwingine wa kumwachia.

Nililia pale benchini bila aibu. Nesi alikuja, akachungulia mdomoni mwa Kipusa, akasema tumbo ni zima, ni magego mawili ya nyuma yanatoka, nipake dawa kwenye fizi. Mama mmoja kwenye foleni akasema, basi sisi tusonge mbele. Watu wakacheka. Hata mimi.

Jumatatu, 8 Aprili

Jana niliishia pazuri. Kuna na pabaya.

Baba alipotoka aliuacha mlango wazi kabisa. Ufunguo ni mdogo na mikono yake yote ilikuwa na kazi. Mume wangu alirudi akakuta mlango unapigwa na upepo, maji mpaka sebuleni, nyumba haina mtu. Alikimbia mtaa mzima akituita. Na kabla hajatupata alikuwa amempigia dada yake. Kwa hiyo wifi anajua. Amesema, "Mmeona wenyewe. Mtu anaacha nyumba wazi, mtamwachaje peke yake kutwa?" Hakusema kwa ubaya.

Baba alipoamka niliweka daftari mbele yake. Nilidhani atanigombeza. Aliuliza swali moja.

"Uliziona?"

Sikuziona, Baba.

"Andika."

~~Nati sita puani: ✓~~ Sikuziona. Nilidhani. 8 Aprili.

Akasaini. Kisha akaniambia jambo refu kuliko yote aliyowahi kuniambia, ilichukua karibu kikombe kizima cha chai kumaliza. Alisema uwanjani kila fundi ana tiki moja ya namna hiyo. Yeye yake aliitia akiwa na umri wangu, kwa kifuniko ambacho hakukikaza. Ndege ilikwenda ikarudi salama. Hakuna aliyejua. Aliendelea kukiota kile kifuniko mpaka mwenzake alipomshauri aende akaandike. "Nilipoandika, nililala."

Dada wa mazoezi amesoma kurasa zote. Amenuna kwa ajili ya mvua, amefurahi kwa ajili ya ngumi.

Jumapili, 14 Aprili

Mvua. Chapa njano.

Alhamisi, 18 Aprili

Tumeipasua pua. Mume wangu alipasha kisu moto, Baba akaonyesha pa kukata kwa kidole cha shahada cha mkono wa kulia, mimi nikatoa kipande chini ya kidevu cha ndege. Nati sita, moja moja, gundi. Tulichungulia sote watatu. Tumezibandika, tumeziona, tumefunga. Ndege imesimama kwa magurudumu matatu kama askari.

Kovu tumeliziba kwa ile dawa ya mafundi wa bodi za magari, tukalisugua kwa msasa. Likipakwa rangi halitaonekana.

Nati sita puani: ✓ Nimeziona.

Jumanne, 23 Aprili

Leo asubuhi nilimfunga Baba shati nikagundua sikumfunga vifungo vyote. Vitatu vya chini alishavifunga mwenyewe nikiwa nachemsha maji jikoni. Nilikaa kitandani nikiwa nimeshika kola yake.

Nilimwambia mume wangu sitaki Baba aondoke. Akashangaa, akasema alidhani mimi nahesabu siku. Nikamwambia nahesabu, lakini sasa zinanikimbia. Akasema, basi mwambie dada. Nikamwambia mwambie wewe, ni dada yako. Akasema yeye ni mtoto wa mwisho, kwa dada yake hana mdomo, ana masikio tu.

Jumamosi, 27 Aprili

Kichwa cha ufunguo nimekifunga mpini wa mbao, mnene kama kijiko cha kupikia. Baba amefunga na kufungua mlango mara kumi na moja. Ya nane alikwama. Kipusa alikuwa upande wa nje akipiga hodi kila mara, na kila mara Baba anamuuliza nani.

Vifungo vya mashati yake nimebadilisha vyote, nimeweka vikubwa vya makoti. Kazi yangu ndiyo hiyo. Cha juu kabisa, cha shingoni, bado kinamshinda.

Ijumaa, 3 Mei

Rangi nyeupe imepakwa juu, ya fedha chini. Bawa la kulia amepaka Baba, brashi mkono wa kulia. Kuna mahali imekwenda upogo. Alitaka nirudie. Nikamwambia hatufuti.

Mvua. Chapa njano.

Jumatano, 8 Mei

Saa nne asubuhi jua lilitoka. Nilikimbilia dirishani kama nimeitwa na mtu. Lilikaa mpaka saa saba.

Jumapili, 12 Mei

Siku ya tano ya jua. Chapa zimekuwa nyeupe. Siamini. Nyeupe kama zimefuliwa.

Moja isiyo na kazi tumeijaribu kwenye maji, ikavunjika vipande vipande kama jani kavu. Baba alishaijua hiyo. Kasema zipakwe vanishi kwanza, zipate ngozi.

Alhamisi, 16 Mei

Zimeshika. Mistari ya bluu, namba za mkiani, madirisha madogo. Tumebakisha chapa moja, bendera ndogo ya karibu na mlango. Baba amesema hiyo ingoje.

Wifi anafika keshokutwa.

Jumamosi, 18 Mei

Wifi amefika na mabegi mawili. Moja la kwake, jingine tupu, la nguo za Baba. Nililiona lile tupu, nikaenda kumletea maji.

Ni mwanamke mwema. Alimkumbatia baba yake, akampangusa shavu, akamwambia amenenepa. Aliipenda ndege, akauliza kama ataibeba kwenye basi. Kisha akakaa, akaweka mikono magotini kama katibu wa shule, na ndivyo alivyo.

"Baba," alisema, "niambie wewe mwenyewe. Unaweza kubaki peke yako humu kutwa?"

Baba alifungua mdomo, akaufunga. Nilidhani maneno yamemkimbia tena. Kisha akasema, "Aliyefanya kazi hajikagui." Akanyoosha mkono wa kulia, akanionyesha mimi.

Wifi akageuka. "Haya wifi. Sema."

Moyo uliniambia niseme anaweza yote. Angeniamini? Labda. Nililichukua daftari nikasoma, nilisoma kama lilivyo.

Vifungo vitatu vya chini, anaweza, dakika sita. Cha shingoni hawezi. Ufunguo anaweza, wenye mpini. Katika mara ishirini anakwama mara moja. Birika anaweza likiwa nusu, likijaa linamwagika. Simu anaweza kushika, ila mara nyingine anaikata badala ya kupokea. Tarehe saba Aprili aliacha mlango wazi, mvua ikaingia. Sababu ipo ukurasa uleule.

Wifi aliniuliza mbona namwambia na mabaya. Nikamwambia nilishatia alama kitu ambacho sikukiona, na sitaki tena. Akaniomba daftari. Alisoma ule ukurasa wa kituo cha afya, akaurudia. Alipofika kwenye ngumi alimtazama baba yake mkono, si usoni.

"Na wewe unataka nini?" akaniuliza.

Nikamwambia nataka abaki. Mama jirani amekubali kupita saa sita mchana, Baba mwenyewe amemwomba. Birika litakuwa nusu. Kifungo cha shingoni nitamfunga mimi asubuhi kabla sijaenda kufunga vya watu.

Wifi aliinuka, akaenda mlangoni, akautoa ufunguo wenye mpini, akampa Baba. "Nifungie nje," akasema.

Tulisikia anashuka kibarazani. Baba alitia ufunguo, akazungusha. Mlango ukafungwa. Kisha hodi, na Kipusa akapaza sauti kabla ya babu yake, nani? Na kutoka nje wifi yangu, mtu mzima, katibu wa shule, akajibu kwa sauti ya pua, "Ni mimi, nina mafua, nifungulieni."

Alipoingia alikuwa amelia. Alilichukua begi tupu, akalikunja mara nne, akalitia ndani ya lile jingine.

Jumapili, 19 Mei

Baba amebandika bendera mwenyewe, kwa kibano, mkono wa kulia. Imekaa upande kidogo, kama inapepea. Wifi ameshuhudia. Mume wangu ameibeba ndege mpaka dirishani, polepole, kwa mikono miwili, na Baba hakumkataza.

Kwenye daftari: ndege imekamilika. ✓ Wamesaini wote, hata Kipusa, yeye ameandika duara.

Jumatatu, 20 Mei

Wifi ameondoka na basi la asubuhi. Dada wa mazoezi amekuja, amesoma, amesema daftari nibaki nalo.

Alipoondoka nilirudi nyuma mpaka tarehe tisa Machi. Ningeweza kuuchana ule ukurasa. Nikachukua rula.

~~Mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi.~~ Sikuwa namjua. 20 Mei.

Lakini aliyefanya kazi hajikagui. Nikampelekea daftari. Nilisimama kando ya kiti chake kama mwanafunzi. Alisoma taratibu, mstari kwa mstari, na yale chini ya mstari pia, maana yanasomeka. Akaomba kalamu. Akaishika kwa mkono wa kulia, vidole viwili na cha tatu kikijitahidi, akasaini. Si mguu wa kuku tena, ni jina.

Akanirudishia daftari. Nikamwambia asante, Baba. Akatikisa kichwa, nami nikageuka kwenda jikoni.

"Ila mwanangu," akasema nyuma yangu, "chumvi ilikuwa imezidi kweli."